Tangawizi Haifungi Kidonda

Mwanangu Mwamini,

Ukiisoma barua hii utakuwa umekwisha kanyaga mchanga wa Bujumbura, na mama yako atakuwa amekushika mikono yote miwili hataki kukuachia. Nilimwomba mjomba wako Hamisi asikupe karatasi hizi ndani ya mtumbwi. Nilimwambia akupe mkishafika, umeshakula kitu, umeshapumzika. Kama bado umesimama, keti kwanza.

Nilikuambia kwamba Jumamosi nitafuata. Sitafuata. Mjomba wako anajua, mama yako hajui, na sasa weye unajua. Usimkasirikie Hamisi. Minye ndiye niliyemfunga mdomo, maana nakujua. Ungeng'ang'ania mlango, na asubuhi ingetukuta wote wawili ndani ya nyumba hii.

Sitakuandikia mambo ya nguo, wala ya sala, wala ya kuwasaidia wadogo zako. Hayo umeyasikia kwangu tangu utotoni mpaka yamekuchosha. Nataka kukueleza habari ya tumbo lako na habari ya yule mtu wa kule juu, kwa sababu siku hizi hizo mbili zimekuwa habari moja. Umekuwa ukiniona natoka asubuhi na birika, narudi, sisemi neno. Leo nasema. Mwanga bado upo juu ya ziwa, nimeketi mlangoni, na weye uko chumbani unafunga vitu vyako.

Ugonjwa wako ulianza mwaka ule wa bendera mpya. Wenzako wa shule walikuwa wanafundishwa kuandamana na kuimba, na weye kila mara ulikuwa unatoka mstarini kukimbilia chooni. Mwalimu alifikiri unakwepa. Minye nilifikiri ni minyoo. Tulikunywesha dawa ya minyoo, kisha dawa ya amiba, kisha majani machungu ambayo jirani yetu wa Rugenge alikuwa anayachuma nyuma ya nyumba yake. Ukakonda. Halafu siku moja mama yako akanionyesha kitambaa chenye damu, na minye nikatoka nje nikasimama barabarani kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

Bibi yako ndiye aliyeleta tangawizi. Unamkumbuka mama yangu, jinsi alivyowapikia chai wapagazi wa bandari ya Kalundu kabla hajaniachia kibanda chake cha chai. Alikuwa ananunua tangawizi mbichi kwa wanawake wanaoshuka milimani siku za soko, anaisugua kwa kidole mpaka ganda litoke. Alikupa kikombe kidogo cha maji yake, vuguvugu, na asali kidogo. Siku ile hukutapika. Gesi iliyokuwa inakujaza tumbo ikatoka, ukacheka kwa aibu, ukaomba wali. Mwamini, sikuwahi kuona furaha kama ile nyumbani mwetu. Mama yako alipika wali mweupe, ukala nusu sahani, na sote tulikuwa tunakutazama unavyotafuna.

Na minye, kama wazazi wengi, niliona kwamba kama kidogo kimesaidia basi kingi kitaponya. Nilichukua tangawizi kavu, ile ya unga, nikaichemsha mpaka maji yakawa mekundu, nikakupa asubuhi tumbo likiwa tupu. Uliungua kuanzia kifuani mpaka chini, ukajikunja mkekani. Bibi yako alininyang'anya sufuria. Toka siku ile tukajifunza taratibu: ile mbichi, vipande vichache vyembamba, maji yakishachemka yateremshwe ndipo itiwe, ikae kidogo na kifuniko. Unywe baada ya vijiko vichache vya uji wa mchele, polepole. Na siku za damu nyingi usiinywe kabisa. Hayo unayajua kwa mwili wako kuliko minye. Nayaandika tu kwa sababu kesho hatakuwepo mtu wa kukuletea kikombe huku anakutazama usoni.

Lakini damu haikukoma. Ilikuwa inakwenda inarudi. Ulikuwa unakula, unacheka, unarudi shule, sisi tunasema imekwisha, na baada ya muda nakuona tena umeshika ukuta. Ndipo nilipokupeleka lopitali kwa Elia.

Elia ulimjua kama munganga mwenye miwani aliyekupa peremende. Minye nilimjua zaidi ya hapo. Alikuwa mtu wa Mulenge, mtoto wa wachungaji wa ng'ombe, na alipomaliza masomo ya uuguzi wazungu walimweka wodi ya wanaume. Wazungu walipoondoka akabaki yeye na wodi zote. Hakuwa na majivuno. Alikuuliza maswali mpaka ukaona haya, akakubonyeza tumbo, akakutazama viganja na ndani ya kope. Kisha akaniita pembeni.

"Mutoto hana minyoo," aliniambia. "Utumbo wake iko na vidonda ndani. Inawaka, inatulia, inawaka tena. Kitu gani kinaileta, hata wale waliotufundisha hawajui bado."

Nilimwambia kuhusu tangawizi. Nilifikiri atanicheka, maana watu wa dawa za chupa huwa wanawacheka wenye majani. Hakucheka. Alisema inatuliza kichefuchefu, inatoa gesi, inamfanya mgonjwa aweze kula, na kula ni jambo kubwa. Akasema nisiache. Kisha akaniwekea mkono begani, akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo: "Lakini Baba Mwamini, tangawizi haifungi kidonda. Siku utakayosahau hilo, utamzika mutoto huku anakunywa chai."

Akaagiza vile vidonge vya manjano kutoka Bujumbura, vile vilivyokuwa vinafanya mkojo wako uwe na rangi ya chungwa ukaogopa. Vikakusimamisha. Ulimaliza mwaka mzima wa shule bila damu, ukanenepa mashavu, mama yako akakushonea gauni jipya kwa sababu la zamani halikufunga mgongoni. Elia akawa rafiki yangu. Alikuwa anakuja kibandani jioni, yeye na dini yake na minye na dini yangu, tunakunywa chai tunatazama meli zikipakuliwa. Alikuwa anapenda kuimba nyimbo za kanisa chinichini, bila kujua kwamba anaimba.

Halafu vita vikashuka.

Siku zile unazikumbuka. Askari wa serikali waliondoka na malori usiku, na asubuhi mji ulikuwa hauna mwenyewe. Kisha vijana waliowafukuza wakaja na majani kichwani, wanaimba, na watu waliwashangilia, na minye niliwashangilia. Niseme kweli. Tangu uhuru bei ya chumvi ilikuwa inapanda na mishahara ya bandarini haionekani, na tulidhani sasa watakuja watu wa kutengeneza. Mama yako hakushangilia. Aliwachukua wadogo zako akapanda lori la mwisho kwenda Bujumbura kabla njia haijafungwa. Weye ulikuwa umelala na homa, damu imeanza upya, usingeweza kukaa juu ya lori lile hata kufika Kavimvira, hapo mpakani. Tulikubaliana kwamba ukipata nafuu tutafuata. Wakaweka bariyeri, wakafunga njia zote, na hatukufuata.

Vidonge vilikwisha. Elia alinipa vya mwisho alivyokuwa amevificha, na wiki ile ile wakamkamata. Walisema ni mtu wa serikali kwa sababu alivaa viatu na miwani na alifanya kazi katika nyumba ya serikali. Wakamfungia pamoja na makarani. Tukabaki minye na weye na tangawizi.

Sasa sikiliza habari ya Komanda, mkubwa wa wale vijana.

Kijana mmoja wa bariyeri alikuja kunywa chai kibandani. Alikuwa analalamika tumbo, nikampa tangawizi, akapona siku ile ile, maana yeye alikuwa amekula tu maembe mabichi. Akaenda kunisifia. Kesho yake walikuja wawili wakaniambia Mukubwa ananiita, nichukue birika langu.

Umeiona ile nyumba ya juu alipokuwa anakaa mzungu wa serikali. Nilipandishwa kule. Komanda alinipokea chumbani, akawatoa walinzi, akafunga mlango kwa ufunguo. Nilidhani nakufa. Ni kijana, Mwamini. Hana umri wa mjomba wako. Amevaa koti la askari aliyekufa, lina tundu kifuani limeshonwa kwa uzi mweusi. Akaketi kwenye ukingo wa kiti, upande mmoja, kama weye unavyoketi siku mbaya. Nilipoona vile, kabla hajafungua kinywa, nilijua.

"Weye unajua kufunga mudomo?" akaniuliza.

Nikasema najua.

"Tumbo yangu inakata. Damu iko inatoka. Tangu mbele, vita haijaanza." Akasikiliza kwanza kama kuna mtu nyuma ya mlango. "Batu bangu bakijua, batasema nimevunja miiko."

Hapo ndipo nilipoelewa niko wapi. Wale vijana wamepewa dawa ya vita na sheria zake. Wasile chakula kilichopikwa na mwanamke. Wasimguse mwanamke. Wasirudi nyuma, wasiangalie kando. Anayezishika, risasi zinageuka maji. Anayetoka damu bila kupigwa, basi ni yeye mwenyewe aliyevunja, na anayevunja akiwa mkubwa anawaponza wote. Nimesikia walivyomfanya mkubwa mwingine huko kusini aliyedhaniwa amevunja. Sitaliandika. Kwa hiyo kijana huyu anaongoza watu wanaoamini kwamba hawezi kutoka damu, na kila siku anatoka damu, na aliyejua ni minye peke yangu.

Ningefanya nini? Nilimtengenezea kama ninavyokutengenezea weye. Niliomba uji wa mchele kwanza, upikwe na mwanamume. Akanywa. Kichefuchefu kikaondoka, tumbo likatulia kidogo, akalala kitini mdomo wazi. Alipoamka alinishika mkono na macho yake yalikuwa na machozi. Nakuambia hili ili ujue kwamba sikumchukia. Nilifua vitambaa vyako miaka hii yote, na siku moja kule juu nilifua vya kwake, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwamini. Damu ni ile ile na harufu ni ile ile. Kama mambo yangekuwa mengine, ningemwonea huruma kama mtoto wa jirani.

Nikawa napanda kila asubuhi. Mtu wake ananifuata nyumbani, tunapanda pamoja, yeye anabaki nje ya chumba. Tangu mwanzo nilimwambia kwamba hii inatuliza tu. Nilimwambia maneno ya Elia bila kutaja jina la Elia. Alinicheka. Akasema wazee wanapenda kupunguza sifa zao wasionekane wachawi. Alikuwa amekwisha anza kuwaambia walinzi kwamba nina dawa yenye nguvu, bila kusema ni ya nini. Watu wakawa wananipisha njiani. Sokoni wanawake wa tangawizi walikataa malipo yangu. Nilirudi nyumbani siku ile na hofu, maana mtu akisifiwa hivyo, siku dawa inaposhindwa hawasemi imeshindwa. Wanasema ametia kitu.

Na ilishindwa, kama nilivyojua itashindwa. Baada ya siku nzuri chache damu ikarudi nyingi. Akaanza kuvimba magoti, kama weye ulivyovimba kabla ya vidonge vya Elia. Akawa anatoka nje ya mikutano, na nje anawapiga watu bila sababu ili wafikiri ni hasira. Nikaacha kumpa tangawizi siku hizo, nikampa uji mtupu na maji ya chumvi na sukari. Akaniuliza kwa nini dawa imepungua. Nikasema hii si siku ya dawa hiyo. Akanitazama muda mrefu bila kupepesa.

Ndipo nilipofanya jambo ambalo bado nalirudia kichwani. Nilimwambia kwamba yupo mtu anayeujua ugonjwa huu, na mtu huyo yuko ndani ya jela yake. Nilifikiri nawaokoa wawili kwa pamoja: Elia atatoka, na Komanda atapata vidonge, maana mkubwa anaweza kutuma mtu popote. Mwanangu, nilikuwa na nia njema, na hesabu yangu ilikuwa nzuri. Sikumtia yule kijana mwenyewe katika hesabu, na hofu yake.

Walimleta Elia jioni. Alikuwa amekonda, miwani imevunjika kioo kimoja, lakini alininong'oneza kuuliza habari zako kabla hajamsalimu mwenye nyumba. Alimpima Komanda kwa utulivu, kama wodini. Akamwambia ukweli wote. Kwamba ana vidonda utumbo mzima. Kwamba vidonge vipo Bujumbura, na kwamba asipovipata mapema utumbo unaweza kutoboka, na ukitoboka hakuna Komanda. Kisha akamwambia jambo moja la kumsaidia, akadhani linamsaidia: "Hujavunja kitu chochote. Ni ugonjwa. Hata mutoto mudogo anaupata."

Komanda alimshukuru. Alimshukuru vizuri kabisa, akaamuru apewe nyama.

Asubuhi iliyofuata nilipopanda, mlinzi wa mlangoni alikuwa amevaa viatu vya Elia. Vilikuwa vikubwa kwake, alikuwa ameziba mbele kwa majani makavu. Sikuuliza. Komanda alikunywa, akaniambia chai imekaa vizuri leo; vidonge hakutuma mtu, maana kutuma ni kujitangaza. Toka siku hiyo nimekuwa najua kwamba ukweli kule juu una bei, na kwamba waliokuwa wanaujua walikuwa wawili na sasa ni mmoja.

Nimekuficha habari ya Elia mpaka leo. Ulikuwa unaniuliza kama ametoka, nikawa nasema bado. Mwombee, na ukikutana na watu wake wa Mulenge huko ng'ambo uwaambie kwamba aliuguza mpaka siku ya mwisho.

Sasa nafika kwako. Jumatatu hii Komanda aliniuliza nilijifunzia wapi. Nikasema kwa mama yangu. Akasema hapana, mtu hajui ugonjwa hivi kwa kusikia, anaujua kwa kuuishi. Akatabasamu.

"Iko mutoto wako," akasema. "Binti. Wanasema alikuwa anatoka damu, na sasa anatembea. Kwa nini yeye anatembea na minye siwezi?"

Nilimwambia kwamba ulitibiwa zamani na vidonge, vikaisha, na kwamba mpaka leo una siku mbaya. Ni kweli tupu. Hakuamini. Anafikiri ninazo dawa mbili, moja ya nyumbani na moja ya kumpa yeye.

"Umulete," akasema. "Atakaa kwenye nyumba ya nyuma. Kila kikombe atakunywa yeye kwanza. Atakaa mpaka minye nipone."

Nilishuka ule mlima sijui nilivyoshuka. Hatapona, Mwamini. Hilo minye najua, na Elia alijua. Na siku atakayozidiwa, mtu wa kwanza aliyeonja kikombe atakuwa weye. Nilimwomba siku chache. Nikasema huwezi kutembea, uko katika damu, na nilijua neno hilo litawafanya walinzi wake wasivuke mlango wetu, kwa sababu ya miiko yao. Akakubali mpaka Ijumaa baada ya sala. Ijumaa ni kesho.

Unajua sasa kwa nini nilikuambia ushuke alfajiri na wanawake wa samaki, beseni kichwani, kitenge kimefunika uso kwa baridi. Wale vijana wa bariyeri ya Kalundu hawapekui wanawake, wanaogopa kuwagusa. Wanageuza nyuso. Mjomba wako ataingiza mtumbwi kama mtu anayekwenda kuinua nyavu, na wanawake watasimama mbele mpaka uwe umelala chini ya turubai. Wamekubali bila kuuliza kitu. Ukiwa mzima, ukarudi siku moja mambo yakiwa mengine, nenda kawashike miguu.

Na saa hiyo hiyo minye nitakuwa napanda kule juu na birika, kama kila siku, na mtu wao akinifuata. Nisipopanda, watakuja hapa, wakikukosa watateremka ufukweni, na mtumbwi bado unaonekana. Ndiyo sababu sikuweza kuingia nawe. Si kwamba sikutaka. Nilikaa nikalipindua jambo hili kila upande.

Nitamwambia nimekutuma ukamletee vidonge. Ataniamini kwa muda, kwa sababu mwenye ugonjwa huu akisikia neno dawa huwa anaamini. Nawe uliwahi kuwaamini wengi. Baada ya hapo sijui. Mwambie mama yako asijaribu kutuma vidonge na mtu yeyote. Nakujua roho yako, utasema tutume, atapona, atamwachia baba. Vitashikwa bariyerini na aliyevibeba atafuata alikokwenda Elia. Vidonge ni vyako. Uvimeze.

Huko lopitali usione haya. Sema damu ni damu, sema mara ngapi unaamka, sema magoti. Kule shule ulijifunza kuficha, na kuficha kulikukondesha kuliko ugonjwa wenyewe. Waambie pia kwamba unakunywa tangawizi, na unakunywa vipi, hata kama atakayekupima atakunja uso. Wakikuambia uiache kwa muda, iache. Wakikuruhusu, inywe, itakusaidia kula asubuhi zile tumbo linapopinduka. Atakuja mtu akuambie kwamba kwa kuwa inakutuliza huna haja ya vidonge. Atakuwa mtu mzuri, anakupenda, pengine ndiye mumeo. Usimsikilize. Nami usinisikilize, kama ungekuta siku moja nimesahau.

Kuna jambo moja tu nakuamuru kama baba. Mtu akija kwenu Bujumbura akasema baba yako mgonjwa anakuita, au baba yako ameachiwa anakusubiri Kalundu, au akaleta karatasi yenye mwandiko wangu, usije. Hata kama mtu huyo unamjua. Hata akilia. Minye sitakuita. Nikiwa hai na huru nitakuja mwenyewe kwa miguu yangu, nibishe mlango, na weye utaniona. Njia nyingine yoyote ya kusikia habari yangu, itikie kwa adabu, umpe mgeni maji, ubaki ulipo.

Nimekuwa na bahati kwako. Watu walikuwa wananipa pole kwa kuwa na mtoto mgonjwa, na minye nilikuwa nashindwa kuwaeleza. Asubuhi zile tulizokuwa tunakaa jikoni wawili tu, weye umejifunika shuka langu, minye nasubiri maji yatulie, tulikuwa tunazungumza mambo ambayo baba na binti hawazungumzi. Bila tumbo lile nisingekujua.

Sasa hivi umeniita kutoka chumbani. Umeuliza kama Jumamosi nikija nitaweza kubeba cherehani ya mama yako, kwa sababu peke yako huwezi kuificha ndani ya beseni, na mama yako huko hana kazi ya mikono. Umesema niitoe kichwa nikifunge kwenye blanketi, na nisisahau sindano zilizo kwenye kikopo.

Nimekujibu ndiyo, nitaileta.

Baba yako,
Saidi